Mabawa Mapana ya Hannibal

Ukitaka kuijua tabia ya ndege, usianze na injini zake. Uliza ina uzito gani, uliza mabawa yake yana eneo gani, halafu gawanya uzito kwa eneo. Boeing 737-800, ndege ambayo wasomaji wengi wa safu hii wamewahi kuipanda au kuiona ikitua Nairobi na Dar es Salaam, hupaa ikiwa na uzito unaofika tani 79, na mabawa yake hayafiki mita za mraba 130. Kila mita ya mraba hubeba zaidi ya kilo 600. Sasa ichukue Handley Page H.P.42 iliyoitwa Hannibal, ndege ya abiria ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1930. Ikishajazwa mafuta, abiria na magunia ya barua, ilikuwa na tani 12.7 hivi. Mabawa yake, moja likiwa juu ya jingine, yalikuwa na jumla ya mita za mraba zipatazo 278. Gawanya mwenyewe: kilo 46 kwa kila mita ya mraba.

Kilo 46 dhidi ya 600. Karibu kila lililoipata Hannibal na ndege saba za ukoo wake, la heri na la shari, mzizi wake uko kwenye hesabu hiyo. Watu wengi wakiitaja ndege hii hutaja jinsi ilivyopotea, maana ni kweli ilipotea, na watu wanane ndani yake. Mimi naona kupotea kwake hakueleweki vizuri mpaka uelewe kwanza kwa nini kwa miaka karibu tisa ilianguka, ikavunjika, ikashindwa na injini, na bado abiria wakashuka kwa miguu yao.

Imperial Airways ilikuwa kampuni iliyoundwa mwaka 1924 kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, na shabaha yake ilikuwa kuifunga London na makoloni kwa njia ya anga: India upande mmoja, Afrika upande wa pili. Njia ya kuja huku kwetu ilizinduliwa tarehe 28 Februari 1931, na mwisho wake wakati ule ulikuwa Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mwaka uliofuata ikarefushwa hadi Cape Town. Kwa njia kama hizo kampuni ilihitaji ndege kubwa kuliko ilizokuwa nazo, ikaagiza nane kutoka kiwanda cha Frederick Handley Page. Zote zilipewa majina ya kale yanayoanza na herufi H. Nne zilikuwa za mashariki: Hannibal, Horsa, Hanno na Hadrian. Nne zilikuwa za Ulaya: Heracles, Horatius, Hengist na Helena. Wawili katika orodha hiyo, Hannibal na Hanno, walikuwa watu wa Carthage, Afrika Kaskazini, na mmoja wao alikuwa adui mkubwa kabisa wa Roma. Kwa kampuni iliyojiita ya kifalme, huo ni uchaguzi wa kuchekesha kidogo.

Hannibal ndiyo iliyokuwa kifunguamimba. Ilipaa Radlett, kaskazini ya London, tarehe 14 Novemba 1930, rubani akiwa Thomas Harry England, na Juni 1931 ikaanza kubeba abiria kati ya Croydon na Paris. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ilikuwa karibu mita 40, upana unaozidi ule wa 737 niliyoitaja. Injini zilikuwa nne, aina ya Bristol Jupiter zenye silinda tisa zilizopangwa duara na kupozwa kwa upepo, kila moja ikitoa nguvu za farasi zipatazo 490. Mbili zilikaa kwenye bawa la juu na mbili kwenye bawa la chini. Pangaboi zilikuwa za mbao, zenye panga nne. Mkia nao ulikuwa wa ghorofa mbili, wenye mapezi matatu ya kusimama. Sehemu ya mbele ya kiwiliwili ilivikwa bati la aluminiamu lenye mikunjo, na nyuma, kuelekea mkiani, ilikuwa mifupa ya bomba za chuma iliyowambwa turubai.

Ndani, abiria walikaa katika vyumba viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Katikati, pale mabawa na injini zilipo, ndipo palipowekwa choo, mizigo na barua. Sababu ilikuwa kelele: injini zikiwa zinanguruma ubavuni, hakuna anayetaka kuketi hapo. Lakini mpango huo ulikuwa na faida ya pili ambayo fundi yeyote ataiona mara moja. Pangaboi ikivunjika, vipande vyake huruka pembeni kwa kufuata mzunguko wake, na katika Hannibal kule pembeni kulikuwa na mabegi badala ya watu. Hata bawa la chini lilikunjwa kuelekea juu karibu na kiwiliwili ili mhimili wake upite juu ya dari, usikate chumba cha abiria. Wenye viti waliketi kwa raha kama katika behewa la daraja la kwanza, wahudumu wakiwaletea chakula kwenye meza zilizotandikwa vitambaa. Ndege za mashariki zilibeba abiria 18 hadi 24, na zile za Ulaya, ambazo hazikuhitaji kubeba barua na mafuta mengi, zilibeba 38.

Kwa nini basi mabawa mawili? Nguvu inayoinua ndege hutegemea eneo la bawa na mwendo wa hewa inayolipitia, na mwendo huo katika hesabu huzidishwa kwa wenyewe. Ukipunguza mwendo kwa nusu, mnyanyuo haubaki nusu, unabaki robo. Anayetaka kuruka taratibu bila kuanguka hana njia ila kuwa na bawa kubwa mno. Na bawa kubwa, kwa vyuma na mbao za mwaka 1930, lilikuwa taabu: ukilirefusha peke yake linanepa, ukilitia mhimili mnene linakuwa zito kuliko faida yake. Dawa ilikuwa kulikata mara mbili na kuyaweka mabawa ghorofa, kisha kuyafunga pamoja kwa nguzo. Hapo yanakuwa mhimili mmoja wenye kina cha nafasi nzima iliyopo kati ya la juu na la chini, na kina ndicho kinachozuia mhimili kupinda. Ndege nyingi za aina hiyo zilifungwa kwa nyaya tele. Volkert, mbunifu mkuu wa Handley Page, hakupenda nyaya. Alitumia vyuma vya mshazari vilivyounda pembetatu, kama unavyoviona kwenye madaraja ya reli. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja uvunjike, na haidai kukazwa kila asubuhi.

Faida ya haya yote ilikuwa moja tu, nayo ilitosha: ndege iliweza kutua ikienda kilomita 80 na kitu kwa saa. Abiria wa leo hutua akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 240 kwa saa, na hata hajali, kwa kuwa kuna lami ya kilomita mbili au tatu inamngojea. Mwaka 1931 lami hiyo haikuwepo. Viwanja vilikuwa majani, mchanga au udongo uliosawazishwa, na injini zilizimika hewani mara nyingi kiasi kwamba rubani aliruka huku jicho moja likitafuta shamba la kutulia. Nishati ya kitu kinachokwenda nayo hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe. Kilo moja ya ndege inayogusa chini kwa mwendo wa 240 ina nishati mara tisa ya kilo inayogusa kwa 80. Nishati hiyo lazima iishie mahali fulani. Ikiwa hakuna breki na lami, inaishia kwenye vyuma na mifupa ya watu.

Tarehe 8 Agosti 1931, ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu kazini, Hannibal ilipima hesabu hiyo kwa vitendo. Ilikuwa ikitoka Croydon kwenda Paris. Juu ya Kent injini ya chini ya upande wa kushoto ikaharibika, vipande vyake vikaruka na kuipiga ile ya juu yake, nayo ikafa. Injini mbili za upande mmoja hazipo, mbili za upande wa pili zinaisukuma ndege izunguke. Rubani akatafuta shamba karibu na kijiji cha Five Oak Green. Ilipokuwa inashuka ikazikumba nyaya za simu, zikaharibu pangaboi na bawa. Ilipogusa ardhi ikapiga kisiki cha mti, mkia ukakatika. Orodha hiyo ya hasara ukiisoma kuhusu ndege ya leo utaanza kuuliza juu ya mazishi. Watu wote, abiria na wafanyakazi zaidi ya kumi na tano, walitoka bila jeraha. Ndege ikafunguliwa vipande, ikarudishwa Croydon kwa barabara, ikaundwa upya, ikaendelea na kazi.

Naomba msomaji alikumbuke lile la kipande cha injini moja kuiua jirani yake. Tutalirudia.

Zile za mashariki ziliwekwa Cairo, na kutoka hapo njia ziligawanyika. Moja iliupanda mto Nile kuelekea kusini hadi Kisumu, ambako abiria wa kusini walibadilisha ndege. Nyingine ilikwenda Karachi kupitia Gaza, kituo cha jangwani cha Rutbah, Baghdad, Basra na Ghuba ya Uajemi. Kwenye jangwa la kati ya Amman na Baghdad hakukuwa na alama yoyote ya kufuata, kwa hiyo tangu 1921 Waingereza walikuwa wamelima mtaro mrefu ardhini ili marubani wauone kutoka juu. Leo rubani anaongozwa na satelaiti. Wakati ule alifuata jembe.

Joto la huko lilikuwa mtihani wa peke yake. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi: kwenye nyuzi 45 inapungua uzito kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na nyuzi 15, na bawa na injini zote mbili hulishwa na uzito huo. Kisumu nako, hata kusingekuwa na joto, kiwanja kiko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua kiasi kama hicho. Ndege yenye bawa dogo hupata shida kuinuka katika hali hiyo. Ile yenye kilo 46 kwa mita ya mraba inaongeza hatua chache tu kiwanjani, kisha inaondoka.

Njia ya Ghuba awali ilipita pwani ya Iran, lakini serikali ya huko ilipokataa kuendelea na ruhusa, Imperial Airways ilihamia ng'ambo ya pili. Mwaka 1932 ilipatana na Sheikh Sultan bin Saqr Al Qasimi wa Sharjah, kikatengenezwa kiwanja, na kando yake ikajengwa nyumba ya wageni yenye kuta za ngome ili abiria walale salama. Ndege ya kwanza ya abiria kutua hapo ilikuwa Hanno, tarehe 5 Oktoba 1932. Jengo hilo bado lipo, siku hizi ni makumbusho ya Al Mahatta, na pale palipokuwa njia ya kurukia sasa ni barabara ya mjini. Kutoka Sharjah ndege ilivuka kwenda Gwadar, ambayo leo ni bandari ya Pakistan lakini wakati ule ilikuwa milki ya Sultani wa Muscat, na iliendelea hivyo hadi 1958. Msomaji wa Mombasa au Unguja anawafahamu Wabulushi, wajukuu wa askari walioletwa pwani yetu na watawala wa Omani. Asili yao ni upande huohuo.

Agosti 1936 Horsa, ikitoka Basra kwa safari ya usiku, ilikikosa kisiwa cha Bahrain kabisa. Ikapita, ikaendelea kusini, mafuta yakaelekea ukingoni, na rubani akaamua kushuka jangwani gizani. Ilitua juu ya mchanga, watu wote wazima, wakangoja kwenye jua mpaka ndege za jeshi zilipowaona. Ile ni Five Oak Green nyingine: bawa pana, mwendo mdogo, ardhi isiyoandaliwa, hakuna maiti. Kuanzia Juni 1931 hadi vita vilipozuka Septemba 1939, hakuna abiria hata mmoja aliyepoteza maisha katika ndege hizi nane. Heracles peke yake ilikuwa imeshapita kilomita milioni 1.6. Kwa usafiri wa anga wa miaka ya 1930, enzi ambayo magazeti yalizoea habari za ajali, rekodi hiyo ni ya ajabu.

Bei yake ilikuwa mwendo. Zile nguzo zote, magurudumu yasiyokunjwa, injini zilizoachwa wazi na mabawa mapana vilikuwa vinaburura hewa, na ndege ilisafiri kwa kilomita 160 kwa saa upepo ukiwa shwari. Upepo wa mbele wa kilomita 50 ukivuma, mwendo juu ya ardhi ulishuka hadi 110, na treni ya haraka ya chini ingeweza kuipita. Inasemekana Anthony Fokker, mtengeneza ndege wa Kiholanzi, alitania kwamba Waingereza wameiundia upepo wa mbele ndani kwa ndani. Wala kuongeza injini kusingesaidia sana: ukinzani wa hewa hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe, na nguvu inayotakiwa kuushinda hukua zaidi ya hapo, kiasi kwamba ukitaka kwenda mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Oktoba 1934 ndege ya Kimarekani Douglas DC-2 ya shirika la KLM, iliyoitwa Uiver, ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, ikiwa na abiria ndani. Ilikuwa na bawa moja, ngozi laini ya chuma na magurudumu yanayokunjwa, na mwendo wake ulikaribia mara mbili ya ule wa Hannibal. Kuanzia hapo kila mhandisi mwenye macho alijua enzi ya mabawa ya ghorofa imekwisha. Imperial Airways iliendelea kuzitumia ndege zake miaka mingine mitano, kwa kuwa zilikuwepo, zilikuwa salama na wateja walizipenda.

Machi 1940 Hannibal ilikuwa na karibu miaka tisa kazini. Kwa ndege ya leo huo ni ujana. Kwa turubai, mbao na aluminiamu ya enzi ile, chini ya jua la Iraq na chumvi ya Ghuba, ni uzee. Vita vilikuwa vimeanza, na ilikuwa safarini kutoka upande wa India kuelekea magharibi. Ndani walikuwemo abiria wanne na wafanyakazi wanne. Mmoja wa abiria alikuwa Harold Whistler, afisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyejipatia sifa ya urubani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwingine alikuwa A. T. Pannirselvam, mwanasiasa wa chama cha Justice wa Madras, aliyekuwa njiani kwenda London kushika wadhifa katika ofisi inayosimamia mambo ya India. Tarehe 1 Machi iliondoka Jask, kwenye pwani ya Iran, ikielekea Sharjah.

Chukua ramani. Kutoka Jask hadi Sharjah kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 240, mwendo wa saa moja na nusu kwa Hannibal. Sehemu kubwa ya safari hiyo ni maji ya Ghuba ya Omani, kisha inakuja milima ya Hajar iliyosimama karibu na bahari, kisha uwanda wa mchanga wa Sharjah. Ni safari fupi. Abiria mwenye kitabu angemaliza sura mbili. Ndege haikufika, na ilipotafutwa hayakuonekana mabaki wala mtu.

Chanzo hakikupata kuthibitishwa. Hata hivyo mhandisi anaweza kuyapima yanayowezekana, maana hayako sawa uzito. Kuzimika kwa injini moja si sababu. Ndege ya injini nne iliundwa kwa kulitarajia hilo. Injini zote nne kuharibika kwa pamoja, kila moja kwa ugonjwa wake, ni jambo ambalo halitokei. Kinachoweza kuzinyamazisha zote ni kile zinachokichangia, yaani mafuta. Halafu kuna lile la Five Oak Green: injini zimekaa moja juu ya nyingine, kwa hiyo ikipasuka moja au pangaboi yake ikitupa kipande, jirani yuko karibu sana. Ndege mkubwa wa baharini akigonga pangaboi ya mbao anaweza kuanzisha msiba huohuo. Na kuna uchovu wa vyuma: kiungo cha nguzo kikikatika, ile pembetatu niliyoisifu inapoteza upande mmoja, na mhimili mzima unakuwa hauna maana. Kwangu mimi, tukio la 1931 lina uzito kuliko dhana zote nyingine, kwa kuwa ndilo pekee ambalo ndege hii yenyewe iliwahi kulionyesha.

Lakini swali la injini ni nusu tu ya mambo. Kama Hannibal ingezimika hivyohivyo juu ya Kent au juu ya jangwa, tuna kila sababu ya kuamini watu wanane wangeshuka wakakung'uta vumbi. Bahari haiheshimu mwendo mdogo kwa namna ileile. Magurudumu yalikuwa yamesimama wima chini ya ndege, hayakunjwi. Yakigusa maji yanakamata, pua inazama, na tani kumi na zaidi zilizo nyuma zinaendelea kwenda mbele. Mabawa ya turubai hayakuundwa kuelea. Chumba cha abiria kilikuwa chini kabisa, karibu na ardhi, jambo zuri kwa kupanda bila ngazi ndefu na baya kuliko yote kwa kutua majini. Zaidi ya hayo, ndege yenye ukinzani mkubwa namna hiyo haitelezi mbali injini zikinyamaza. Rubani aliye juu ya Ghuba katikati, pwani zote mbili zikiwa mbali, hana shamba la kuchagua. Usalama wa H.P.42 ulihitaji ardhi chini yake, ardhi yoyote ile, na kwa sehemu kubwa ya safari ya siku hiyo haikuwepo.

Siku kumi na nane baadaye mabawa yaleyale yalileta hasara ya aina nyingine. Vita vilipoanza, ndege za kampuni zilikuwa zimehamishwa kutoka Croydon hadi Whitchurch, karibu na Bristol. Tarehe 19 Machi 1940 dhoruba ilizikuta Hanno na Heracles zikiwa zimeegeshwa nje, ikaziharibu zote mbili pamoja. Fikiri: ndege inayoweza kuruka kwa kilomita 80 na kitu kwa saa haijui kama mwendo huo umetoka kwenye injini au kwenye mawingu. Upepo wa kilomita 90 ukivuma kutoka mbele, bawa linainua uzito wote wa ndege huku hakuna mtu kwenye usukani. Nahodha wa jahazi akiona upepo umezidi hushusha tanga. Mita za mraba 278 za Hannibal na wenzake hazikuwa na foromali wala kamba ya kuzishushia. Na ndege yenye upana wa mita 40 haikupata banda kwa urahisi, kwa hiyo nje ndiko kulikokuwa makao yake. Tarehe 6 Desemba mwaka huohuo Hadrian ilipatwa na yaleyale Doncaster: upepo uliing'oa pale ilipofungwa na kuipindua.

Zilizobaki zilikwenda kwa njia tofauti. Hengist, ingawa iliundwa kwa ajili ya Ulaya, ilikuwa imeshaungua bandani Karachi tangu Mei 1937. Horatius iliharibika Novemba 1939 ilipotua kwa dharura kwenye uwanja wa gofu wa Tiverton. Horsa, ile ya jangwani, iliteketea Agosti 1940 baada ya kutua kwa dharura Uingereza. Helena ilipata madhara ya kutua, ikaonekana haifai kutengenezwa, na kiwiliwili chake kikatumiwa na jeshi la wanamaji kama ofisi. Hakuna hata moja iliyohifadhiwa.

Ndege nyepesi hazijatoweka, na hesabu yao haijabadilika sana. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani Afrika Mashariki hujifunzia, hupaa na kilo 1,111 juu ya bawa la mita za mraba 16 na kidogo: kilo 69 hivi kwa kila mita, jirani zaidi na Hannibal kuliko na 737. Pita kwenye kiwanja chochote cha ndege ndogo jioni na utaona kila moja imefungwa kamba au mnyororo chini ya bawa la kulia, chini ya la kushoto na mkiani, na kishikizo kimetiwa kwenye usukani ili mapezi yasichezwe na upepo. Kazi hiyo inachukua dakika tano. Mwanafunzi anayeiruka kwa kuwa hewa imetulia atarudishwa na mwalimu wake kuifanya, hata kama gari la kumpeleka nyumbani limeshawashwa.